Mtoto wangu alinusurika, lakini bado naogopa kila anachogusa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana mwaka na miezi kadhaa. Nakuandikia usiku wenzangu wakiwa wamelala, kwa sababu mchana sishiki simu bila kwenda kunawa tena, na barua ndefu kama hii nisingeimaliza.

Nilijifungua kwa upasuaji. Wiki ya pili mtoto aligoma kunyonya, akalegea, mwili ukawa wa moto halafu ukapoa kupita kiasi. Tulikimbia naye hospitali wakasema ana maambukizi kwenye damu. Alitundikiwa dripu, akachomwa sindano za antibayotiki usiku na mchana, nami nimekaa pembeni nahesabu pumzi zake. Mungu akamnusuru. Siku tunaruhusiwa nilimuuliza daktari hicho kijidudu kilitoka wapi. Akanijibu kwa upole kwamba mara nyingi haijulikani. Nadhani alitaka nisijilaumu. Mimi nikasikia kingine: kwamba kinaweza kuwa kimetoka popote.

Tangu hapo nyumba yangu inanuka klorini. Napiga deki asubuhi na jioni. Vitu vya kuchezea navichemsha hadi vingine vimepinda. Mgeni hambebi mtoto kabla hajanawa na kupaka kitakasa mikono, na hata akishafanya hivyo moyo wangu hautulii. Mtoto hajawahi kukanyaga udongo peku. Viganja vyangu vimepasuka katikati ya vidole, nikishika chumvi machozi yananitoka. Mtoto mwenyewe ana afya njema, uzito unapanda, chanjo zake zote amepata. Kila kliniki naambiwa yuko vizuri, nami kila nikitoka hapo nawaza kwamba hata ile mara ya kwanza alikuwa vizuri kabla hajaugua.

Mume wangu ni mtu mwema na mvumilivu, lakini siku hizi hatuelewani. Amesoma mahali kwamba watoto wanaolelewa kwenye usafi uliozidi ndio wanaopata pumu na mzio. Sasa nikimwambia anawe mikono akirudi kazini ananijibu kwamba uchafu ni kinga, nimwache mtoto akomae. Nikimwambia mtoto alitaka kufa, ananyamaza. Huo unyamavu wake unaniumiza kuliko ubishi.

Mwezi ujao natakiwa kurudi kazini. Wifi yangu amejitolea kukaa na mtoto. Amelea wa kwake, nyumba yake imejaa watoto na vicheko, na mwanangu akimwona anamrukia. Lakini kuna mbwa, kuna uwanja wa udongo, na kuna jambo lililotokea majuzi ambalo sijalimeza. Tulipata msiba, tukamwachia mtoto kwa siku chache. Tuliporudi anaharisha. Nilipokuwa natafuta kitambaa jikoni kwake nikaiona chupa ya dawa ya maji ya antibayotiki, imebaki kama theluthi, ina jina la mtoto wake. Nikamuuliza. Akasema bila wasiwasi kwamba mwanangu alishikwa na mafua, akampa vijiko viwili kwa siku yasije yakashuka kifuani. Nilipopaza sauti akaniambia: "Mbona hospitali walimpa hizohizo akapona?" Shangazi, sikuwa na jibu.

Mume wangu anasema nikimnyima dada yake mtoto nitakuwa nimeitukana familia nzima, na mama mkwe tayari amesikia. Mimi nawaza kuacha kazi. Kuna kituo cha kulelea watoto karibu na ofisini, ila nikifikiria watoto ishirini wanapiga chafya chumba kimoja, nashindwa hata kwenda kukiangalia. Niache kazi? Nimpeleke kituoni? Au nimwachie wifi na kukaa kimya ili amani iwepo? Na je, mwenye tatizo ni mimi?

Mama mwenye hofu

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya lolote, pole sana. Kumwona mtoto mchanga anakataa ziwa na kulegea mikononi mwako hakuishi siku mnaporuhusiwa kurudi nyumbani. Na ulifanya jambo kubwa siku ile: uliona mabadiliko ukakimbia naye. Kwa mtoto wa wiki mbili, saa chache huamua mengi, na wewe hukuzipoteza.

Nikiisoma barua yako naona mambo matatu yamefungamana. Kuna vijidudu, na swali la vipi uviogope. Kuna wifi yako na ile chupa. Halafu kuna swali uliloliweka mwisho kabisa, kama mwenye tatizo ni wewe, na nahisi hilo ndilo lililokukosesha usingizi. Naanza na vijidudu, kwa sababu hayo mengine yamesimama juu yake.

Daktari alikuambia mara nyingi haijulikani kijidudu kimetoka wapi, na alisema kweli. Lakini kutojua njia moja kilikopita hakumaanishi kwamba njia zote zina hatari sawa. Maambukizi ya damu kwa watoto wa umri ule mara nyingi huletwa na bakteria wanaoishi siku zote kwenye utumbo, ngozi na njia ya uzazi ya watu wazima wenye afya zao. Kwako na kwa mumeo hawana neno. Kilichokuwa tofauti ni mtoto mwenyewe: kinga yake ilikuwa changa, haijajifunza kitu. Ndiyo maana homa ya nyuzi 38 kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi mitatu ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, wakati homa hiyohiyo kwa mtoto wa mwaka na ushee anayecheza na kunywa vizuri kwa kawaida huangaliwa kwa utulivu zaidi. Unamlinda mtoto wa wiki mbili, mwanangu, na mtoto huyo amekua. Amenyonya, amechanjwa, ameshapita mafua kadhaa ambayo mwili wake umeyashinda wenyewe. Kila chanjo aliyopata imeifundisha kinga yake kumtambua adui bila kulazimika kuugua kwanza.

Kuna jambo la pili, na nakuomba ulipokee taratibu kwa sababu najua linaweza kukutisha kabla halijakutuliza. Mwanao hawezi kuishi bila vijidudu, na hakuna binadamu awezaye. Watafiti waliokokotoa upya hesabu hiyo mwaka 2016 walikadiria kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria trilioni 38 hivi, na seli zake mwenyewe trilioni 30 hivi. Wengi wao wako kwenye utumbo mpana. Wanamalizia kusaga tusivyoweza kusaga, wanatengeneza vitamini K, na wanakalia nafasi ambayo bakteria wabaya wangependa kuikalia. Hata maziwa ya mama yana sukari za aina fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zinakwenda kulisha bakteria wa utumboni mwake, hasa wale waitwao bifidobakteria. Mwili wako ulikuwa unamlisha mtoto, na unalisha pia wale wanaomlinda.

Umetaja upasuaji, sijui kama ni kwa bahati tu au ni jambo unalolibeba moyoni. Ikiwa unalibeba, basi jua kwamba watoto waliozaliwa kwa upasuaji huanza na mchanganyiko tofauti kidogo wa bakteria, na kwamba tofauti hiyo hupungua sana kadiri mwaka wa kwanza unavyokwenda. Mtoto wa umri wa mwanao, anayekula chakula cha familia, ameshajikusanyia jamii yake.

Sasa, hayo hayampi mumeo ushindi. Alichosoma kina asili yake. Mwaka 1989 daktari wa Uingereza, David Strachan, alichunguza taarifa za watoto zaidi ya 17,000 akaona kwamba wale wenye kaka na dada wengi wakubwa walipata mzio wa chavua mara chache zaidi. Akapendekeza kwamba maambukizi ya utotoni pengine yanasaidia. Wazo hilo likaenea duniani, na likienea likageuka kuwa "uchafu ni kinga". Wataalamu waliolifanyia kazi baadaye wamelirekebisha. Kinachoonekana kumsaidia mtoto ni kukutana na vijidudu visivyo na madhara ambavyo binadamu ameishi navyo tangu zamani, kutoka kwa watu wa karibu, wanyama na mazingira ya nje. Surua haimkomazi mtoto. Hata akipona, huweza kufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga aliyokwisha kuijenga dhidi ya magonjwa mengine. Kuhara hakumkomazi. Kunawa mikono kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa takriban asilimia 30, na hakuna ushahidi wa maana kwamba baba anayenawa mikono akitoka kazini anamnyima mwanawe kinga yoyote. Kwa hiyo hapo una haki ya kushikilia. Ila mwanao akikaa chini ya mti akachimba udongo kwa kijiti, hapo mumeo naye ana hoja.

Niseme kuhusu Ignaz Semmelweis, kwa sababu nadhani kisa chake kinakuhusu. Mwaka 1847 alikuwa daktari katika hospitali kuu ya Vienna. Wodi mbili za wazazi zilikuwa jengo moja, lakini ile ya madaktari na wanafunzi wao ilizika akina mama wengi zaidi kuliko ile ya wakunga, kwa homa iliyowapata baada ya kujifungua. Hakuna aliyejua vijidudu vinasababisha ugonjwa ule. Alichogundua ni kwamba madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Akaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji yenye klorini kati ya chumba cha maiti na wodi, na vifo vikashuka sana ndani ya miezi michache. Tazama alifanya nini. Alitafuta hatua moja ambapo kitu kinatoka mahali kibaya kinaingia kwa mtu asiyekiweza, akasimama hapo. Ukuta, sakafu, mapazia, hakuvigeuza kuwa kazi ya kutwa.

Nyumbani kwako hatua za namna hiyo zipo, na si nyingi. Mikono baada ya choo na baada ya kumbadilisha mtoto nepi. Mikono kabla ya kupika na kabla ya kumlisha. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi kabla havijagusa kinacholiwa bila kupikwa. Maji ya kunywa yaliyo salama. Mtu anayetapika au kuharisha asimwandalie mtoto chakula, na mwenye kikohozi asimbusu usoni. Mikono pia baada ya kushika mnyama au kuchezea udongo. Mtu akizingatia hizo kwa umakini amefunga sehemu kubwa ya njia ambazo magonjwa ya kuambukiza hupitia nyumbani. Sakafu ya chumba cha kulala kupigwa klorini mara mbili kwa siku hakuongezi cha maana juu ya hapo, na kuna gharama yake. Mvuke wa klorini hukera njia ya hewa, na anayetambaa na kukaa sakafuni ni mtoto. Ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi, hata siki tu, hutoa gesi ya sumu. Sikutaji hayo ili uongeze kitu kingine cha kuogopa. Nataka ujue tu kwamba dawa hiyo ina mahali pake. Matapishi na kinyesi cha mgonjwa, hapo itumie, na madirisha yawe wazi.

Na viganja vyako. Nimefikiria sana sentensi ile ya chumvi. Ngozi nzima ni ukuta, na juu yake wanaishi bakteria wasio na shida wanaoulinda. Ngozi iliyopasuka inawapa nafasi wale wakorofi zaidi, na ni vigumu kuisafisha kwa sababu vijidudu vinajificha kwenye nyufa. Kwa maneno mengine, mikono hiyo inayokuuma haimlindi mtoto kama unavyotarajia. Sabuni ya kawaida inatosha: inang'oa mafuta na vijidudu vilivyonata humo, maji yanavipeleka. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia viambato 19 vya sabuni zinazojiita za kuua bakteria, triklosani ikiwemo, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji kwa matumizi ya kila siku. Nawa wakati wa zile hatua, jikaushe, paka mafuta. Ikiwa nyufa zinatoa maji au zimevimba, mwone mhudumu wa afya. Mikono hiyo nayo ni mali ya mtoto wako.

Nije kwa wifi yako, kwa swali alilokuuliza ukakosa jibu. Mbona hospitali walimpa hizohizo akapona? Jibu lipo. Hospitali walimpa kwa sababu alikuwa na bakteria kwenye damu. Antibayotiki huua bakteria. Mafua huletwa na virusi, na virusi haviguswi na antibayotiki hata mtu akinywa chupa nzima, wala haziyazuii yasishuke kifuani. Alichofanya vijiko vile ni kupita utumboni na kuwapunguza wale bakteria wema niliokutajia, na watoto wengi wakipewa antibayotiki huharisha kwa sababu hiyohiyo. Siwezi kukuambia kwa hakika kwamba ndicho kilichomtokea mwanao. Watoto huharisha kwa mengi, na virusi ndivyo vinavyoongoza. Halafu ile chupa yenyewe: dawa ya unga ikishachanganywa na maji, nyingi hazidumu zaidi ya wiki moja au mbili. Theluthi iliyobaki kabatini haina uhakika wa nguvu, na kipimo chake kilipangwa kwa uzito wa mtoto mwingine.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilisema hili mapema kabisa. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitoa mfano wa bwana mmoja anayeumwa koo, anajinunulia penisilini mwenyewe, anakunywa kidogo, kiasi kisichotosha kuwaua bakteria ila kinatosha kuwafundisha kuistahimili. Anamwambukiza mkewe. Mkewe anaugua nimonia, anapewa penisilini, haimsaidii, anakufa. Mfano wa kubuni, lakini umeshatimia mara nyingi: kwa mwaka 2019 peke yake, watafiti walikadiria kwamba vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu kwa dawa. Zile sindano zilizomrudisha mwanao zilifanya kazi kwa sababu bakteria wake walikuwa bado wanazisikia. Hili nadhani ndilo unaloweza kumwambia wifi yako, na kwa sauti ya chini: dawa hii iliokoa maisha yake mara moja, nataka siku tukiihitaji tena itusikilize.

Ila nakuomba ujiulize alikuwa anafanya nini moyoni mwake. Wewe ulikuwa msibani. Yeye ameachiwa mtoto ambaye ukoo mzima unajua nusura afe. Mtoto anaanza kupiga chafya. Inawezekana alikuwa na hofu ileile uliyonayo wewe, akaenda kabatini kutafuta kitu chenye nguvu kuliko vyote alivyokuwa navyo. Sina uhakika, ni wewe unayemjua. Lakini ikiwa ni hivyo, mna cha kuzungumza kinachowaunganisha, kuliko kuanzia kwenye kosa.

Sasa maamuzi. Sitakuchagulia, maana sikai kwenu, sijui mshahara wako unabeba nini nyumbani wala kazi hiyo ina maana gani kwako. Nitakuonyesha tu ninavyoiona kila njia.

Ukimwachia wifi, mwanao anapata mtu anayempenda, na hilo halipatikani kila mahali. Hatari ya kweli pale, kwa maoni yangu, ni lile kabati la dawa kuliko udongo na mbwa. Udongo na mbwa vinapangika. Mbwa awe amechanjwa kichaa cha mbwa na anapewa dawa ya minyoo kwa wakati, asiachiwe peke yake na mtoto mdogo. Sehemu ya kuchezea isiwe pale mbwa na paka wanapojisaidia, kwa sababu mayai ya minyoo yao hukaa udongoni muda mrefu. Mikono inawe kabla ya kula. Kuhusu dawa mnahitaji ahadi moja iliyo wazi: hakuna dawa yoyote inayoingia kinywani mwa mtoto bila mzazi kupigiwa simu. Ikiwa unaamini ataitunza ahadi hiyo, mengi yamepona. Ikiwa unajua atakukubalia mbele ya kaka yake na kufanya yake ukigeuka, basi hiyo nayo ni taarifa, na si tusi kwa familia kuizingatia. Mumeo ndiye anayefaa kulisema hili kwa dada yake. Likitoka kwako pekee litasikika kama dharau ya wifi. Likitoka kwake linakuwa neno la wazazi wawili.

Kituo nacho. Sitakuficha: watoto wanaoanza kukaa na wenzao wengi hupata mafua mengi zaidi mwanzoni. Tafiti zilizowafuatilia watoto kama hao hadi shuleni zimeona kwamba baadaye huugua mafua mara chache kuliko wenzao waliokaa nyumbani, kwa hiyo kwa sehemu ni deni linalolipwa mapema. Bado miezi ya mwanzo itakuchosha, na utaombwa ruhusa kazini mara kwa mara. Kabla hujakikataa, nenda ukakiangalie saa za kazi. Simama mahali wanapobadilishia nepi. Angalia kama beseni la kunawia liko hatua chache kutoka hapo na kama lina sabuni, kisha mtazame mlezi akimaliza na mtoto mmoja anafanya nini kabla ya kumgusa wa pili. Hapo utajifunza zaidi kuliko kwenye ukuta uliopakwa rangi mpya. Uliza pia wanafanyaje mtoto akija na homa.

Kuacha kazi kunaweza kuwa uamuzi mzuri kabisa, wapo wanaouchukua na wakatulia. Ninachokuomba ni kuangalia unautoa wapi. Ukiuchukua kwa sababu unataka miaka hii na mtoto wako, na mifuko inaruhusu, ni sawa. Ukiuchukua ili hofu inyamaze, nina wasiwasi. Hofu ya namna hii mara nyingi ikipewa ilichotaka hurudi kuomba kingine: leo wageni, kesho shule. Pia kuna njia za katikati ambazo hukuzitaja. Kuongeza likizo kidogo hata bila malipo, kuanza kwa nusu siku, au mtoto kukaa kwa wifi siku chache za wiki huku mkiangalia ile ahadi inavyotunzwa.

Swali lako la mwisho. Mwenye tatizo ni wewe? Sipendi neno hilo likae kwako. Ulipitia jambo la kutisha, na akili yako ikajifundisha kulinda kwa njia pekee iliyopatikana usiku ule. Lakini unanawa hadi viganja vinapasuka, unachemsha vitu hadi vinapinda, na hata baada ya hayo yote moyo hautulii. Hali hii inajulikana na wataalamu wa afya ya akili, huwapata wazazi wengi waliotoka wodi za watoto mahututi, na ina tiba. Moja ya zinazosaidia ni mazungumzo na mtaalamu yanayoambatana na mazoezi ya taratibu: kugusa kitu kidogo unachokiogopa, kukaa na hofu bila kukimbilia bomba, hadi mwili ushuhudie wenyewe kwamba inashuka. Hakuna anayekurusha majini siku ya kwanza. Ungeweza kuanza kwa kumweleza mhudumu wa kliniki kwa maneno yaleyale uliyoniandikia, yakiwemo ya simu na ya chumvi, na kumwomba akuelekeze kwa mtu wa kuzungumza naye. Na mumeo usimpeleke kama shahidi wa upande wa pili. Mtu anayenyamaza ukitaja kwamba mtoto alitaka kufa huenda naye hajawahi kuyazungumza ya usiku ule na mtu yeyote. Muulize, siku mkiwa na nafasi, alikuwa anawaza nini pale pembeni ya kitanda.

Yeyote atakayebaki na mtoto, mwachie kipimajoto, namba zenu, na karatasi yenye dalili ambazo hakuna kusubiri: anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, anapumua kwa kasi au kifua kinabonyea, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri. Kwa kuhara, maji yenye chumvi maalumu za kurudisha maji mwilini mara moja, na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu atakavyoelekeza. Ikiwa kuna damu, hospitali. Wifi yako akiwa na karatasi hiyo ukutani atakuwa na cha kushika atakapoogopa, zaidi ya kabati.

Mwezi si muda mrefu, lakini uamuzi unaweza kuwa wa majaribio. Mwambieni wifi, au kituo, kwamba mtaangalia kwa wiki sita kisha mkae tena. Na ukipenda niandikie, hata usiku.